Kabla ya Kununua Wufa Mpya: Jinsi ya Kupata Sauti Safi Nyumbani

Katika ukurasa huu wa maendeleo tumezoea kuzungumza juu ya matangi ya maji, kuku na miche ya miti. Leo tungependa kuzungumza juu ya sauti. Huenda mtu akauliza, sauti nayo ni maendeleo? Tafadhali soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Kikundi chetu cha kusikiliza hukutana kila Alhamisi jioni nyumbani kwa mmoja wetu hapa Chechelesi. Tunakaa pamoja akina mama, wazee na vijana, tukisikiliza vipindi kutoka kwa intaneti: neno la Mungu, hali ya hewa, afya ya mifugo, bei ya mbuzi, na masomo ya watoto. Tunatumia simu moja, laptopu moja ya zamani, na wufa ambayo kikundi kilinunua kwa michango.

Jioni moja kulikuwa na tangazo la chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Sauti ilikuwa inakatika-katika. Sote tulisikia "Juma...", halafu kimya, halafu "...saa mbili asubuhi". Juma gani? Ndugu, katika lugha yetu siku tano kati ya saba huanza na neno hilo: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Mmoja wetu alisema ni Jumatano, mwingine Jumatatu. Mama mmoja mzee alienda na mbuzi wake sita siku ya Jumatano. Alipofika, wachanjaji walikuwa wamekuja na kuondoka siku mbili nyuma.

Watu wa mjini wanaweza kucheka, lakini sisi hapa Isiolo tunajua mbuzi sita ni nini. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Aliyebaki na mbuzi sita baada ya ukame ule hawezi kuwachezea. Yule mama alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Sauti yenu ni nyingi, lakini maneno hakuna."

Tukaita fundi. Alitazama dakika tano, akasema wufa ni ndogo, tununue kubwa. Tulikuwa karibu kufungua sanduku la kikundi. Kwa bahati nzuri, kijana mmoja wa kidato cha pili aliomba tungoje kwanza, ajaribu. Haya tunayoandika ni yale tuliyojifunza kutoka siku hiyo. Karibu yote hayagharimu hata shilingi.

SAUTI HUPITA NJIA GANI?

Fikirieni maji. Maji hutoka kwa chemchemi, yanapita kwenye bomba, yanaingia kwenye tangi, halafu mfereji, halafu mtungi. Ikiwa maji yanafika nyumbani machache na machafu, hununui mtungi mkubwa zaidi. Unafuata bomba hatua kwa hatua mpaka uone mahali limetoboka.

Sauti ni vivyo hivyo. Kuna hatua tano:

1. Intaneti, kutoka kwa kituo mpaka kwa simu yako.
2. Kompyuta au simu yenyewe, na mipangilio yake.
3. Kiungo kati ya kompyuta na spika: waya au Bluetooth.
4. Wufa, na vifungo vyake vya sauti.
5. Nyumba, kutoka kwa spika mpaka kwa sikio.

Uchafu ukiingia hatua ya kwanza, hatua nne zinazofuata haziwezi kuuondoa. Wufa kubwa inachukua ile sauti mbovu na kuifanya kuwa mbovu kwa nguvu zaidi. Basi tuanze juu na kushuka.

HATUA YA 1: INTANETI

Kompyuta haibebi sauti kama redio ya zamani. Inaipima mara nyingi sana kila sekunde na kuandika nambari. Diski ya muziki, ile ya CD, hupima mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Nambari hizo ni nyingi mno: kama kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, au karibu MB 635 kwa saa moja. Bando la nani litatosha?

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta njia ya kubana sauti. Njia iliyojulikana sana ni MP3, iliyotengenezwa hasa na wahandisi wa Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Yeye, katika majaribio yake, alitumia wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", ambao mwimbaji anaimba peke yake bila ala. Mwanzoni ile sauti ya mtu ilitoka vibaya sana, ingawa nyimbo zenye ala nyingi zilikuwa zinapita vizuri. Tuweke hilo moyoni: sauti ya mtu mmoja anayezungumza ndiyo huonyesha makosa haraka, kwa maana hakuna ngoma ya kuyaficha.

Kubana huku hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Hesabu yake ni rahisi, na ni vizuri kila mwenye bando aijue:

- Kilobiti 64 hula karibu MB 29 kwa saa.
- Kilobiti 128 hula karibu MB 58 kwa saa.
- Kilobiti 320 hula MB 144 kwa saa.

Kwa mahubiri, habari na masomo, kilobiti 64 za MP3 zatosha kabisa. Njia mpya zaidi iitwayo Opus, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka wa 2012, hubeba mazungumzo vizuri hata kwa kilobiti 32 au chini yake. Kwa kwaya na muziki, 128 ni afadhali. Ukiona programu inakuuliza ubora wa sauti, usikimbilie ule wa juu. Mtandao ukiwa dhaifu, ubora wa juu ndio unaokatika kwanza. Pia, kama unataka kusikia tu, usifungue video. Picha hula mamia ya MB ambazo hakuna anayezitazama.

Sasa, kukatika-katika. Mtandao wa simu hauji sawasawa. Unakuja kwa vipindi kama maji ya mfereji wa mtaa. Dawa yake ni ile ile tunayoijua: tangi. Programu ya kuchezesha sauti huwa na tangi lake, yaani akiba ya sekunde chache ambayo inajazwa mbele kabla ya kukusomea. Akiba ikiwa ya sekunde moja, mtandao ukizubaa sekunde mbili, umekosa maneno. Ikiwa ya sekunde tano au kumi, hata hutajua mtandao ulizubaa.

Katika VLC, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka wa 1996, unaweza kuongeza akiba hiyo. Fungua mapendeleo, onyesha mipangilio yote, tafuta sehemu ya kuingiza sauti, na uone nambari ya akiba ya mtandao. Imeandikwa kwa milisekunde. Andika 5000, ambayo ni sekunde tano, au 10000. Hasara yake ni moja tu: kipindi kitachelewa sekunde hizo kuanza. Kwa mahubiri, hiyo si hasara.

Lililo bora kuliko yote ni kuteka maji usiku. Kama kipindi kinaruhusu kupakuliwa, kipakue mapema wakati mtandao hauna msongamano, mkisikilize jioni kutoka kwa simu yenyewe. Kilichoko ndani ya simu hakiwezi kukatwa na mtandao.

Mwisho wa hatua hii: mabati huzuia mawimbi ya simu. Katika nyumba ya mabati juu na pembeni, simu iliyoko katikati ya chumba inahangaika. Iweke dirishani au karibu na mlango, uone vile mistari ya mtandao inaongezeka.

HATUA YA 2: MIPANGILIO YA KOMPYUTA

Hapa ndipo wengi huogopa kugusa. Msiogope. Andika kwenye karatasi jinsi ilivyokuwa kabla hujabadilisha, ndipo uweze kurudi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, sikiliza, kisha uende kwa kingine.

Kwanza, madoido. Kompyuta nyingi huja na nyongeza za sauti: kuongeza besi, kuigiza ukumbi mkubwa, na kadhalika. Kwa mtu anayezungumza, hizo ni matope. Katika Windows, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya kile kipicha cha spika kilicho pembeni chini, uingie kwenye mipangilio ya sauti, uchague spika yako, na uzime nyongeza hizo. Kompyuta nyingine zina nyongeza moja ya kusawazisha, inayoinua sauti ndogo na kushusha kubwa. Hiyo unaweza kuijaribu, kwa sababu husaidia pale mzungumzaji mmoja ananong'ona na mwingine anapaaza sauti.

Pili, vipimo kwa sekunde. Utaona nambari kama 44,100, 48,000, hata 192,000. Watu hubishana sana juu ya nambari hizi. Ukweli ni huu: sikio la mtu mwenye afya husikia kutoka mitetemo 20 mpaka 20,000 hivi kwa sekunde, na vipimo 44,100 tayari vinafika juu ya hapo. Weka 44,100 au 48,000, uache. Kuweka 192,000 hakurudishi neno ambalo lilishatupwa huko mbele wakati wa kubana.

Tatu, kuna mtego ambao ulitusumbua sana. Windows ina mpangilio wa mawasiliano. Ikiona simu au mkutano umeingia, inapunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80. Jambo zuri kwa ofisi, lakini sisi tulikuwa tunaona kipindi kinashuka ghafla na hatujui mkono wa nani umegusa. Katika dirisha la zamani la sauti kuna sehemu ya mawasiliano. Chagua kwamba kompyuta isifanye lolote.

Nne, mifereji mitatu. Kuna sauti ya programu, sauti ya kompyuta, na sauti ya wufa. Watu wengi huweka programu chini na wufa juu kabisa. Hapo unasikia mngurumo wa wufa yenyewe pamoja na vumbi lote la umeme. Wengine huweka zote juu, na sauti inapasuka. Njia nzuri ni kuweka programu asilimia 100, kompyuta kama 80 au 90, kisha utumie kifungo cha wufa kupanda na kushuka. VLC huruhusu kupita asilimia 100. Usipite. Juu ya hapo vichwa vya mawimbi vinaweza kukatwa, na ndiyo ile sauti ya kukwaruza ambayo fundi atakuambia ni spika imekufa.

Tano, kushoto na kulia. Rekodi nyingine mhubiri yuko upande mmoja tu. Kama spika yako ya upande huo imekufa, au mzee anasikia kwa sikio moja, atakosa yote. Katika mipangilio ya ufikivu ya simu na kompyuta, ile ya kusaidia watu wenye ulemavu, kuna swichi ya kuchanganya pande zote kuwa sauti moja. Iwashe. Ni jambo dogo, lakini kwa wazee wetu ni kubwa.

HATUA YA 3: WAYA AU BLUETOOTH

Hapa ndipo tuliposhikwa sisi, tena mara mbili.

Tulikuwa tunatoa intaneti kwa simu, tunaipeleka kwa laptopu kwa hotispoti, na laptopu inapeleka sauti kwa wufa kwa Bluetooth. Hakuna waya hata mmoja, tukajiona tumeendelea. Kumbe hotispoti nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na Bluetooth nayo hutumia hayo hayo. Laptopu ya zamani inatumia antena zile zile kupokea na kutuma. Ni kama mlango mmoja mwembamba ambao ng'ombe wanaingia na wengine wanatoka kwa wakati mmoja. Na mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, hunyonya mawimbi hayo. Kila mtu alipopita kati ya laptopu na wufa, neno lilikatika. Ile "Juma..." yetu ilipotelea hapo.

Dawa ilikuwa rahisi. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, ule ule wa kuchaji, na uchague katika simu kushiriki intaneti kwa USB. Simu inaendelea kupata chaji na mawimbi yamepungua. Kama simu na laptopu zako ni mpya kidogo, unaweza badala yake kuweka hotispoti kwenye gigahezi 5. Kisha wufa nayo iunganishe kwa waya wa sauti wenye pini ya milimita 3.5.

Ukilazimika kutumia Bluetooth, weka vifaa karibu, vionane bila mtu katikati. Na kwa wale wanaohudhuria mikutano au masomo kwa intaneti: ukivaa visikizi vya Bluetooth na kutumia maikrofoni yake, sauti unayosikia hushuka mara nyingi na kuwa kama ya simu ya zamani, kwa sababu njia ile ile inagawanywa kwenda na kurudi. Chagua maikrofoni ya laptopu, uache visikizi vifanye kazi ya kusikiza tu. Utashangaa tofauti.

Sasa aibu yetu ya pili. Siku fulani kabla ya hapo tulikuwa tumeunganisha simu moja kwa moja na wufa kwa waya. Kinanda kilisikika, ngoma zilisikika, lakini mhubiri amepotea, yuko mbali kama mtu ndani ya pipa. Hapo ndipo fundi aliposema tununue wufa nyingine. Yule kijana aliondoa kava la mpira la simu, akasukuma pini mpaka ndani kabisa. Mhubiri akarudi.

Jambo hili lina sababu yake. Pini ya waya ina pete ndogo: moja ya kushoto, moja ya kulia, na moja ya ardhi ambayo wote wawili hurudi kupitia kwake. Kava likizuia pini isiingie yote, ile ya ardhi haigusi. Wufa basi inasikia tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mzungumzaji huwekwa katikati, yaani sawa pande zote mbili, kwa hivyo inajifuta yenyewe. Ala zilizoko pembeni zinabaki. Ukisikia muziki upo na mtu hayupo, usiite fundi. Angalia pini kwanza.

HATUA YA 4: WUFA

Wufa nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa besi. Kijana anapenda kusikia kifua kinatetemeka. Lakini maneno hayakai kwenye besi. Irabu, yaani a, e, i, o, u, hutoa nguvu nyingi ya sauti, na kubwa yake iko chini. Konsonanti kama s, f, t, k, ch na sh ni dhaifu, na sehemu yake muhimu iko juu ya mitetemo 2,000 kwa sekunde. Konsonanti ndizo zinazotenganisha neno na neno. Jumatatu na Jumatano zote zina sauti ile ile mpaka karibu na mwisho. Besi ikifunika mwisho, umepoteza mbuzi.

Fanyeni hivi. Shusha kifungo cha besi mpaka robo. Weka trebo katikati au juu kidogo. Kama programu yako ina ikwalaiza, punguza vifungo vya chini ya 200, na uinue kidogo vile vya kati ya 2,000 na 4,000. Kidogo tu, ukizidisha sauti itachoma masikio. Mara ya kwanza mtasema sauti imekuwa nyembamba. Ngojeni dakika kumi, halafu mwulize mzee aliyeko nyuma kama anaelewa.

Wakati wa kwaya, rudisheni besi. Hatujasema besi ni dhambi.

HATUA YA 5: NYUMBA

Nyumba ya mabati na sakafu ya simiti ni rafiki mbaya wa sauti. Kila neno linagonga ukuta na kurudi likiwa limechelewa kidogo, linalalia neno linalofuata. Simama katikati, piga makofi mara moja. Ukisikia mlio unabaki hewani, hapo ndipo maneno yako yanapofia.

Tundika blanketi nzito kwenye ukuta unaotazamana na spika. Godoro lililosimamishwa ukutani ni zuri zaidi. Leso na pazia jepesi husaidia kidogo tu, lakini kidogo ni bora kuliko hakuna. Tandika mikeka. Watu wenyewe pia husaidia, kwa maana nguo na miili hunyonya mwangwi. Nyumba iliyojaa husikika vizuri kuliko nyumba tupu.

Usiweke wufa chini, wala kwenye kona. Kona huongeza besi. Ile spika ndogo ya maneno iweke juu ya meza, kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Na iwe karibu na wale wanaosikia vibaya. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Kwa hivyo kumsogeza mama mzee kutoka mita nne mpaka mita mbili ni sawa na kumwongezea nguvu ya wufa mara nne hivi, bila malipo. Tulikuwa tunawapa wazee viti vya nyuma penye mito kwa heshima. Sasa tunawapa vya mbele, na mito tumeisogeza pia.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna mpangilio utakaowasaidia. Zimeni, mshukuru Mungu kwa mvua, mrudie kipindi kesho.

TAHADHARI

Masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo 40. Sauti ikipanda juu ya hapo, saa zinazofaa hupungua haraka. Kama unalazimika kupaza sauti ili mtu wa karibu akusikie juu ya wufa, ni kubwa mno. Kama masikio yanalia baada ya kuzima, ulikuwa umezidisha. Msimweke mtoto alale mbele ya spika.

Stima nayo: ukisikia mngurumo wa "mmmm", chomoa chaja ya laptopu kidogo. Mngurumo ukiisha, shida iko kwenye umeme wa chaja. Jaribu soketi ile ile kwa vyote viwili, au tumieni betri wakati wa kipindi. Lakini mtu asikate ule mguu wa tatu wa plagi ili kuondoa mngurumo. Mguu huo ndio unaokuokoa usipigwe na stima. Na ile sauti ya "ti-ti-ti-ti" kabla ya simu kulia ni simu iliyo karibu na waya, isogeze tu.

KAZI YA WIKI HII

Tunaomba kila nyumba na kila kikundi wafanye haya kabla ya Alhamisi ijayo:

1. Ondoa kava, sukuma pini mpaka mwisho.
2. Tumia waya mahali penye Bluetooth, kama unao.
3. Zima madoido na ushushe besi.
4. Ongeza akiba ya programu iwe sekunde tano au zaidi, au pakua mapema.
5. Toa wufa kwenye kona, uinue, na uwaweke wazee mbele.
6. Kisha fanyeni jaribio letu: mtu mmoja arekodi kwa simu majina ya siku tano zinazoanza na Juma, bila mpangilio. Chezesheni rekodi hiyo. Kila msikilizaji aandike au aseme alichosikia. Wakikosa hata moja, rudini hatua ya kwanza.

Jaribio hilo la sita ndilo tunalolitegemea kuliko maneno ya fundi. Mara ya kwanza tulipolifanya, watu wengi walikosea siku mbili au tatu. Baada ya marekebisho, wote walipata zote isipokuwa mzee mmoja, ambaye tulimsogeza mbele akapata.

NENO LA MWISHO

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika waraka wa kwanza sura ya 14, anatoa mfano wa tarumbeta lisilotoa sauti inayotambulika, akiuliza ni askari gani atajiandaa kwa vita akilisikia. Yeye alikuwa akisema juu ya kunena kanisani, lakini wote tulioketi jioni ile ya "Juma..." tulimwelewa sana. Kanisa linaweza kuwa na ujumbe mzuri, kaunti ikaleta chanjo, mwalimu akaandaa somo; lisipofika sikioni kama lilivyotoka, mwenye kupata hasara ni yule aliyekaa nyuma na ambaye hakuthubutu kusema hakusikia.

Ndiyo maana tuna kanuni mpya katika kikundi. Tangazo lolote lenye siku au saa huchezeshwa mara mbili, kisha mtu mmoja huulizwa alirudie kwa sauti yake. Tunaanza na aliyeketi mbali zaidi.

Katika yote haya tulinunua waya mmoja tu. Pesa za wufa kubwa zimebaki kwenye sanduku. Yule mama hakuja kwetu kwa Alhamisi tatu, na hatukumlaumu. Tulimwendea nyumbani, tukaomba radhi, tukamwambia mambo yamebadilika. Sasa anakaa kiti cha kwanza, karibu na spika. Na tangazo likisomwa, yeye ndiye anayelirudia kwa wengine, siku na saa.

Ukikwama mahali, leta simu au laptopu yako kanisani baada ya ibada, vijana watakusaidia bila malipo. Mungu awabariki, na tusikilizane.